Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Hifadhi Yetu: Mnapima Lenzi, Hampimi Mwenendo

Kwa Mwenyekiti wa Bodi,
Meneja wa Hifadhi,
na Wazee wa Kamati ya Utalii,
Bonde la Ufa.

KUH: ADA YA KAMERA ISIYO NA MAANDISHI, NA USUMBUFU WA SWALA NA NDEGE WALA NYAMA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu. Mimi ni mkazi wa Nakuru, mwajiriwa siku za kazi na mpiga picha wikendi. Napiga swala, pongo, digidigi na mbuzi mawe, lakini zaidi napiga ndege wala nyama: tumbusi, tai, kozi, bundi. Picha zangu siziuzi. Zikifika mbali sana zimefika kwenye kalenda ya ukoo na kwenye kundi letu la WhatsApp, ambako watu hubishana kama yule aliyeko juu ya mgunga ni tai au ni mwewe tu.

Jina la hifadhi nimeliacha kwa makusudi, maana nia yangu ni kusikilizwa, si kuwaanika. Nyinyi mnajijua, na malalamiko yangu mnayo. Barua ya kwanza niliiacha ofisini langoni ikagongwa muhuri. Nilizotuma kwa barua pepe zilijibiwa "tumepokea, tutashughulikia", nyingine hazikujibiwa kabisa. Meneja aliyepokea simu yangu alinisikiliza kwa adabu, na kwa hilo namshukuru. Aliniambia suala liko mbele ya kamati. Liko huko mpaka leo, ndiyo sababu naliandika hapa ambapo wanachama wa hifadhi, waongoza watalii na wapiga picha wenzangu wanaweza kulisoma.

Yananikera mambo matano, na hayana uzito sawa. La kwanza ndilo lililozaa mengine, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

1. Ada inayopangwa kwa urefu wa lenzi

Mgeni akifika langoni na begi la kamera, askari humwomba alifungue. Akiona lenzi ndefu anasema, "Hii ni ya profesheno." Hapo hutajwa ada ya ziada ambayo haiko kwenye ubao wa bei, haiko kwenye tovuti yenu wala haiko kwenye risiti. Inabadilika kwa siku na kwa sura ya mgeni. Nimewahi kuelekezwa niitume M-Pesa kwa namba ya mtu binafsi, wakati namba ya malipo ya hifadhi imebandikwa dirishani pale pale. Mwenzangu aliyeomba risiti aliambiwa kitabu kimeisha.

Ada ya kiingilio sina ugomvi nayo. Hifadhi ni ya jamii, na jamii ndiyo iliyoacha malisho ili wanyama wapate pa kukaa. Hata ada ya wanaopiga filamu au matangazo ya biashara naiona ya haki kabisa: anayechuma kwa mali yenu awalipe. Lakini biashara hujulikana kwa kile mtu anachokwenda kufanya na picha. Urefu wa lenzi hauwezi kuwaambia hilo.

Naomba mfuate hesabu hii, kwa sababu naona haijawahi kupigwa langoni. Lenzi ya milimita 600 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha upana wa milimita 36), ukisimama mita 100 kutoka kwa ndege, inaona upana wa mita 6 hivi. Tumbusi wa Rüppell, yule anayetaga kwenye jabali lenu, akitandaza mbawa hufika karibu mita 2 na nusu, kwa hiyo anaenea vizuri na hewa inabaki pande zote. Sasa chukua simu ya kawaida. Ili upate upana huo huo wa mita 6, sharti usogee mpaka mita 4 au 5. Yaani mwenye lenzi ndefu yuko mbali kiasi kwamba ndege hana habari naye, anaendelea kuchambua manyoya yake. Mwenye simu yuko chini ya pua yake. Na langoni kwenu wa kwanza ndiye anayetozwa ada ya ziada, wa pili anapita bure.

Waheshimiwa, ada hii inawaadhibu wanaokaa mbali na kuwatuza wanaosogea. Nawafahamu vijana walioacha lenzi zao nyumbani kwa kuikwepa, sasa wanamfuata mnyama kwa miguu na kamera ndogo. Hamkukusudia hivyo, najua. Lakini ndivyo ilivyo.

2. Jabali la tumbusi

Hapa ndipo penye uchungu. Jabali letu lina viota vya tumbusi, na weupe wa vinyesi vyao unaonekana ukiwa bado barabarani. Pana pia jozi ya tai weusi wanaowinda pimbi kwenye mawe ya chini. Mwongoza watalii anafika na kundi lake, ndege wametulia, wageni wanachoka kungoja. Basi anapiga makofi. Makofi yasipofua dafu, anapiga mluzi. Nimemwona mmoja akiokota jiwe na kulirusha kwenye korongo huku akiwaambia wageni wake, "Shikeni simu, sasa wanaruka!" Wakaruka kweli, jabali zima. Wageni wakapata video yao na yeye akapata bakshishi.

Wageni wale hawakuambiwa kwamba tumbusi wa Rüppell hutaga yai moja tu. Dume na jike hupokezana kulilalia kwa karibu miezi miwili, kisha kinda hukaa kiotani takriban miezi mitano kabla ya kuruka. Mzazi akikurupushwa, yai linabaki wazi juani, na kunguru wenye shingo nyeupe wa majabalini wanafahamu hilo kuliko sisi. Yai hilo likiliwa, mara nyingi mwaka wa jozi ile umekwisha.

Hawa si ndege wa kuchezewa. Mwaka 2015 tumbusi wa Rüppell aliwekwa katika daraja la spishi zilizo hatarini mno kutoweka duniani, pamoja na tumbusi wengine watatu wa Afrika. Sababu kubwa ni sumu: mfugaji ametegeshea simba au fisi mzoga wenye dawa ya wadudu, wanaoufikia kwanza ni tumbusi, wanakufa kwa makumi mahali pamoja. Wengi wetu tunaikumbuka dawa ya wadudu iitwayo Furadan, ambayo kampuni iliyoitengeneza iliamua kuiondoa kwenye soko la Kenya mwaka 2009 baada ya kelele kupigwa duniani. Ndege anayepungua kwa kasi namna hiyo huko nje, akirudi kwenye jabali mlilomtengea nyinyi wenyewe, asikute mtu na jiwe.

Pale Hell's Gate, mbuga ya taifa tangu 1984, watu wanatembea na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na swala, chini ya majabali wanayokaa ndege wa aina hii hii. Kwa hiyo sisemi watu wafukuzwe jabalini. Waje, watazame, ila asiwepo wa kuwarusha ndege kwa ajili yao.

3. Samaki wenye funjo mdomoni

Kwenye boti mambo ni mengine. Kwa wasiojua, utaratibu ni huu: mwendesha boti ananunua samaki wadogo asubuhi, anachomeka kipande cha shina la funjo mdomoni mwa kila mmoja ili aelee, kisha anawaficha chini ya kiti. Akifika karibu na mti wa tai wa ziwani, yaani furukombe, anapiga mluzi na kurusha samaki. Furukombe anashuka, makucha mbele, kamera zinalia, mambo yamekwisha.

Sitakuza jambo. Samaki mmoja hamwui furukombe, na waendesha boti ni watu wenye watoto wa kusomesha. Wala si desturi ya hapa peke yake, Naivasha na Baringo wanaijua vizuri. Kinachonisumbua ni wingi wake. Wikendi ya sikukuu boti zinapanga foleni mbele ya mti mmoja, ndege anaitwa na kuitwa tena, na jozi za miti jirani zinavutwa mpaka zinagombana angani juu ya mpaka wao. Boti nyingine zinaegeshwa chini ya kiota chenye makinda ili tu mwanga uwe upande mzuri.

Na kama mpiga picha niseme la moyoni: picha zile zote ni moja. Mkimtazama samaki kwa karibu mtaona jicho lake limekwisha kuwa jeupe na kipande cha funjo kinachungulia mdomoni. Ukikaa saa tatu kwenye mafunjo ukamsubiri furukombe awinde kwa haja yake, pengine hutapata kitu. Ukipata, una picha ambayo mwenzako hana.

4. Watoto wa swala

Swala tomi akizaa humficha mtoto kwenye majani, naye hukaa mbali, akirudi kumnyonyesha kisha anaondoka tena. Mtoto hulala bapa, masikio yamelala, hatikisiki hata ukimfikia. Pongo na digidigi nao huficha watoto wao. Ndivyo wanavyokwepa mbweha na tai.

Sasa mgeni akimwona mtoto yuko peke yake anadhani ametupwa. Waongoza wenu wengine wanamwachia adhani hivyo, kwa sababu picha ya mtoto wa swala "yatima" inapendwa sana mitandaoni. Watu wanashuka garini, wanamzunguka, wanainama na simu. Mama yuko pale kwenye kichuguu, anatazama, hawezi kuja. Mbweha naye anatazama, akijua kwamba watu wakiinama mahali kuna kitu. Nimeshuhudia mtoto akinyanyuliwa kabisa, akapigwa picha mikononi kisha akarudishwa mahali tofauti na alipotolewa. Nilimweleza askari aliyekuwa karibu. Jibu lake: "Hao wamelipa."

5. Droni, na anwani za viota

Hili ni fupi. Droni haziruhusiwi kurushwa ovyo katika nchi hii. Kanuni zake zipo tangu 2020, na kibali hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga. Kwenu nimeiona ikirushwa mbele ya jabali na hakuna aliyeulizwa kibali. Pili, ukurasa wenu wenyewe umewahi kuweka picha ya kiota cha bundi pamoja na alama ya ramani ya mahali kilipo. Tafadhali iondoeni.

Sasa najua nitakayojibiwa, kwa kuwa mengine nimekwisha kuyasikia.

Mtasema askari ni wachache. Ni kweli, na mishahara yao si ya kujivunia. Lakini kwenye begi langu askari hakosekani. Muda ule anaotumia kuchungulia lenzi ungetosha kumpa kila kundi maelezo mafupi: msipige kelele jabalini, msishuke garini, msimguse mtoto wa mnyama.

Mtasema ada ya lenzi inaingiza fedha za shule na zahanati. Kama inaingiza, ionyesheni kwenye hesabu za mkutano wa mwaka. Fedha isiyo na risiti haijengi darasa, na wanachama wenu wanaisoma barua hii pia.

Mtasema wapiga picha ndio wasumbufu wakubwa. Wamo, tena wengine wana vifaa vya bei ya gari. Wapo wanaowapigia bundi sauti iliyorekodiwa usiku kucha ili wajitokeze. Wapo wanaomshinikiza dereva aache barabara. Mimi siwatetei, na kanuni ninayoiomba itawabana wao kwanza. Ndiyo maana nasema pimeni mwenendo.

Na mtasema hakuna mfano wa kufuata. Mifano ipo. Uingereza, kwa sheria yao ya 1981, ndege adimu kama tai dhahabu hawaruhusiwi kusumbuliwa wakiwa kwenye kiota, na anayetaka kuwapiga picha pale kiotani hutafuta leseni kwanza. Leseni inafuata kiota. Ukija na lenzi ya ukubwa wowote ukampiga tai huyo huyo akiwa angani mbali na kiota, huna wa kukuuliza. Katika bustani ya Richmond, London, ambako kulungu wa porini huzunguka kati ya watu, wageni huombwa wakae angalau mita 50 kutoka kwao. Namba moja, mtoto wa shule anaielewa, na mwenye simu na mwenye lenzi wote inawahusu. Hapa kwetu nako Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inazitambua hifadhi za jamii kama yenu. Hamhitaji kusubiri Nairobi ili kuandika kanuni za mwenendo kwenye ardhi mnayoisimamia.

Kuna jambo jingine, ambalo si lalamiko. Watafiti hufunga vibandiko vyenye namba kwenye mbawa za baadhi ya tumbusi, ili ndege akionekana popote ijulikane ametoka wapi na yu hai. Namba ile kwa macho huisomi. Kwa lenzi ndefu unaisoma ndege akiwa juu kabisa. Niliwahi kuwatumia picha ya tumbusi wa namna hiyo akiwa kwenye jabali lenu, saa na tarehe zikiwemo, sikujibiwa. Mwenzangu alituma picha ya kozi aliyekufa chini ya nguzo ya umeme karibu na lango la juu, naye kimya. Watu wanaokuja kila wikendi kwa gharama zao, wanaokaa saa nzima mahali pamoja na kuangalia ndege mmoja, ndio hao mnaowageuza langoni.

Kwa hiyo naomba haya.

Kwanza, ada ya lenzi isimamishwe mpaka bodi iandike ni nani hasa anayehesabiwa kuwa mpiga picha wa biashara, ni kiasi gani anapaswa kulipa, na ilipwe kwa namba ya hifadhi peke yake, kwa risiti. Bandikeni ubaoni, kwa Kiswahili, mahali mgeni anapopaona kabla hajafungua pochi.

Pili, jabali liwekewe mstari. Waulizeni watafiti wa ndege mstari upite wapi, na wakati wa msimu wa kutaga mstari huo usogezwe nyuma kiasi gani. Mwongoza watalii atakayerusha jiwe, kupiga makofi au kutumia spika mbele ya viota asimamishwe kazi kwa muda mtakaoutangaza. Kwa hili la jabali sina nafasi ya kulegeza.

Tatu, kaeni na waendesha boti. Msiwaamrishe, kaeni nao. Nadhani wenyewe watakubali kwamba mti mmoja usiitiwe ndege siku nzima, na kwamba miti yenye makinda iachwe kabisa. Safari ya kumsubiri furukombe bila chambo inaweza kuuzwa kwa bei ya juu kuliko ya samaki, na mimi niko tayari kuilipia.

Nne, iwe marufuku kushuka garini au kukaribia mtoto wa swala, na umbali uandikwe kwa mita.

Tano, mpeni mtu mmoja ofisini kazi ya kupokea picha na taarifa za wageni: ndege wenye vibandiko, mizoga, waya, mitego. Anwani moja ya barua pepe inayojibiwa inatosha.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa taasisi ya umma siku 21 kujibu ombi la mwananchi. Nyinyi ni hifadhi ya jamii na mnaweza kubishana kama inawahusu. Sitabishana nanyi, ila naazima kipimo hicho: nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 21 tangu leo. Mkiniita kwenye kikao cha kamati nitakuja kwa nauli yangu, na picha za mambo niliyoyataja hapa nitazileta. Nyuso za askari na waongoza watalii nitazifunika, kwa kuwa ugomvi wangu hauko kwa vijana hao.

Jibu lenu, likija, nitalichapisha hapa hapa neno kwa neno, hata kama halitanipendeza.

Wenu mwaminifu,

Mpiga picha wa wikendi,
Nakuru.

Nakala: Chama cha waongoza watalii wa hifadhi, kikundi cha waendesha boti, wanachama wote wa hifadhi.